Mark II ya Papa Nasoro

Likasi, Kikula, 18 Februari 2024

Binti yangu Karima,

Assalamu alaikum. Huku tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Mama yako analalamikia goti kila mvua inapokaribia, na mwaka huu mvua haijapumzika, kwa hiyo goti nalo halijapumzika. Khadija, mdogo wako, bado anaendesha lori la mawe ya chokaa kule machimbo ya Kakontwe. Jioni anarudi mweupe kama aliyeanguka ndani ya pipa la unga, na mama yako anamsimamisha mlangoni hadi ajipanguse. Umeme unakuja ukitaka. Bwawa la umeme la Mwadingusha ni jirani yetu, lakini jirani naye ana wageni wakubwa kuliko sisi, wenye migodi.

Barua hii imebebwa na Marceline, yule mama wa vitenge anayekuja huko kutafuta mali. Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ya nyumba hii ni ya watu wote. Nikiishika, mama yako anatega sikio huku na Khadija kule, na mwisho wa maongezi wao ndio wanaojibu. Barua angalau inanyamaza mpaka niimalize.

Sasa neno lenyewe. Mama yako na Khadija wameungana juu yangu. Wanataka niweke chini ufunguo wa gari yangu, Mark II, nikae barazani nikitazama magari ya wenzangu yakipita. Wanasema nimezeeka. Nimewauliza uzee ni ugonjwa gani. Tangu nilipotoka Kasongo nikiwa kijana nimebeba watu barabara ya Lubumbashi, nimebeba maharusi na nimebeba maiti, na wote nimewafikisha. Wakikuandikia, usijiunge nao. Wewe ni mtoto wangu wa kwanza, na neno lako kwa mama yako lina uzito.

Jambo la pili ni dogo. Nimesikia kwamba kazi uliyoisomea miaka yote ile ni kuchora magari ya mchezo wa televisheni, na sasa wamekupa uchore Mark II. Ni kweli? Mchezo nao una haja ya injinia? Nieleze polepole, maana hapa mtaani nimewaambia watu unatengeneza magari, na sikuongeza neno.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi papa yako,
Nasoro

*

Bruxelles, 24 Machi 2024

Papa yangu,

Wa alaikum salaam. Barua yako nimeipokea pamoja na samaki wakavu wa mama, na jioni ile nilifuturu kama mtu aliye nyumbani. Huku baridi haijaondoka. Ramadhani ya huku ni ya upweke kidogo, kila mtu anafungulia jikoni kwake, lakini afya ninayo. Mwambie mama dawa ya goti nimempa Marceline, apake usiku, asiipake na kuanza kuosha vyombo.

Ni kweli, Papa. Ninachora magari ya mchezo. Watu wanashindana kuyaendesha kwenye skrini, na wanataka gari ya kwenye skrini iwe ileile ya barabarani. Si kufanana tu. Mtu aliyewahi kuwa na gari fulani akiingia mchezoni akakuta kishikio cha mlango kimeshuka kidogo, anatuandikia matusi. Kwa hiyo tunaitafuta gari yenyewe, tunaipiga picha kila upande, tunaipima kwa mashine ya mwanga hadi ndani ya tundu la ufunguo, tunarekodi injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Kisha mimi nakaa miezi na gari moja, nikiichora kipande kwa kipande.

Nikikuambia nilivyojiaibisha utacheka. Kando ya gia nilichora kitufe kidogo cheupe. Mkuu wangu wa kazi, Adolphe, akaniuliza hicho ni nini. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni honi. Ofisi nzima ilinigeukia. Nimesoma michoro yote ya kiwanda, Papa, na bado mkono wangu ulichora kengele ya mlango ambayo fundi Dodo alikufungia siku honi yako ilipokufa. Tangu utoto nilijua Mark II zote duniani zinapiga honi kando ya gia.

Sasa nina ombi. Safari hii mchezo unataka pia magari yaliyofanya kazi, yenye alama za kazi yao. Mark II tuliyoipima inalala kwenye gereji kavu, haijawahi kubeba hata kuku. Hapa hakuna anayejua gari hii inachakaa wapi. Izunguke ya kwako, uipapase kwa mkono, uniandikie kila mkwaruzo uko upande gani na umetokana na nini.

Kuhusu ufunguo, sijajiunga na mtu. Lakini wao wanaishi nawe na mimi niko mbali. Sijui wanaona nini.

Binti yako,
Karima

*

Likasi, 5 Mei 2024

Binti yangu Karima,

Salamu nyingi. Idi ilikuwa njema, tulichinja mbuzi mmoja mwembamba mwenye kiburi. Mama yako alipaka dawa akaanza kuosha vyombo palepale, kama unavyomjua. Khadija amesifiwa Kakontwe, lori lake halijalala gereji tangu mwaka uanze. Ninajivunia, ila usimwambie, maana atadai ufunguo wangu. Lori la mawe halina abiria wa kutapika, si kitu kimoja.

Kisa cha kengele niliwasomea wote barazani. Tulicheka hadi mama yako akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Ombi lako nimelitekeleza baada ya sala ya asubuhi. Nimeizunguka gari nikiipapasa kama mnunuzi wa ng'ombe sokoni. Andika. Upande wa kulia ni safi. Kuna alama moja tu kwenye mlango wa nyuma, pale bizimu ya chuma ya mkoba wako wa shule ilipokuwa ikisugua kila asubuhi, na hiyo sikuwahi kuruhusu ipakwe rangi.

Upande wa kushoto ni habari nyingine. Kioo cha pembeni ni kipya, na kabla yake kulikuwa na kingine kipya. Watu wa mji huu hawajui kuegesha, wanakigonga na kwenda zao. Bawa la mbele, lile bati la juu ya gurudumu, limebonyea kidogo. Mlango wa dereva una mkwaruzo mrefu wa nguzo ya lango letu, ile nguzo imeinama, nimemwambia mama yako mara nyingi. Nyuma kuna alama ya rangi ya kijani, sijui ni ya nani.

Usishangae kwamba yote iko kushoto. Wewe ni mtu wa magari, utaelewa. Mark II ilitoka Japani na usukani kulia, Dodo akauhamishia kushoto ili tufuate barabara ya huku. Lakini zile essuie-glace za kufutia mvua zilibaki kama zilivyozaliwa. Zinamfutia vizuri anayekaa kulia, na mbele ya dereva wa kushoto zinaacha pembe chafu. Ndiyo sababu gari hii upande wa kushoto haionyeshi vizuri. Dereva yeyote wa usukani uliohamishwa atakuambia hivyo hivyo.

Mlio utaukuta kwenye simu, Khadija ameurekodi tukiwa na abiria wanne na magunia ya mahindi ya Kapolowe. Gari bila mzigo haina sauti yake.

Papa yako,
Nasoro

*

Bruxelles, 16 Juni 2024

Papa yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Ninaamini barua hii inakukuta mzima. Mimi mzima, nimehamia chumba kingine chenye dirisha la kweli. Mpe mama salamu zangu, na umwambie picha aliyokuwa akinidai nimeiweka humu.

Mlio niliufungulia ofisini asubuhi moja, watu wakaacha kazi kuusikiliza. Katikati yake mama mmoja anamgombeza mtoto kwa Kiswahili cha kwetu, na Adolphe aliniomba nimtafsirie. Mlio wa gari tumeuingiza. Mama yule, kwa bahati mbaya, tumemwacha.

Mikwaruzo yote nimeichora. Kioo cha kushoto peke yake kilinichukua siku nyingi. Alama ya bizimu ya mkoba pia nimeiweka, na hakuna aliyeniuliza.

Ila Adolphe alisimama nyuma yangu akiitazama ile gari, akaniuliza kama mwenyewe anaona vizuri upande wa kushoto. Nilimweleza habari ya usukani na essuie-glace, akakubali, akaenda zake. Mimi ndiye sikutulia. Papa, ile siku ya nguzo ya lango, mvua ilikuwa ikinyesha? Na ile ya bawa? Sina maana mbaya, ni kazi yangu kujua mkwaruzo umetoka wapi. Na je, mara ya mwisho ulipopimwa macho ilikuwa lini? Huku madereva wa umri wako wanapimwa kila mara, hata wasioumwa.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Karima

*

Likasi, 28 Julai 2024

Karima,

Salamu. Tuko wazima. Baridi ya kiangazi imetushika asubuhi, mchana jua.

Naona Khadija amekuandikia. Usikatae, maneno yako yana harufu yake. Nilikuomba kitu kimoja tu mwanzoni mwa mwaka, na ni hicho hicho umeshindwa.

Mwenye macho haambiwi tazama. Jana nilikwenda Lubumbashi na kurudi, nimesoma mabango yote ya njiani hadi yale ya makanisa. Kama mchezo wenu unataka habari za gari, uliza habari za gari.

Mama yako anasema asante kwa picha.

Nasoro

*

Bruxelles, 22 Septemba 2024

Papa yangu,

Assalamu alaikum. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila barua niliyoianza niliichana. Khadija hakuniandikia, naapa. Mimi niko salama, kazi ilikuwa nyingi, na sasa imekwisha. Natumaini mama ana nafuu ya goti na wewe hujapunguza kula.

Mark II imetoka. Tangu wiki iliyopita watu wa nchi nyingi wanaiendesha, safi au iliyochakaa, kila mtu na hiari yake. Iliyochakaa inapendwa zaidi. Mtu mmoja wa mbali sana ameandika kwamba mikwaruzo yake ni ya kweli, haikutupwa ovyo. Nililia kidogo, halafu nikaona aibu, halafu nikalia tena.

Papy, yule mwenye chumba cha michezo karibu na soko, anao mchezo wetu. Ana usukani wa kufunga mezani na pedali za chini. Nimeongea naye kwa simu. Nenda, Papa. Nataka wewe uwe mtu wa kwanza wa Likasi kuiendesha. Hutakuta usukani kushoto, maana gari ya mchezo ni ya kiwanda, unakaa kulia, na kioo chote kinaonekana safi. Nimemwomba akupe barabara ya mlimani, mchana, bila mvua.

Ukitoka hapo niandikie kila kosa utakaloliona. Nimezoea matusi.

Karima

*

Likasi, 20 Oktoba 2024

Binti yangu Karima,

Amani iwe nawe. Mama yako hajambo, Khadija hajambo, maembe yameanza kuiva na watoto wa jirani hawasomi tena. Mimi nimefurahi na nimekasirika, na vyote viwili nitakuandikia.

Nilivaa kofia yangu ya Ijumaa nikaenda kwa Papy. Vijana walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wakanipisha, wakaniwekea kiti. Nilipokaa mkono wangu ulitafuta kengele kando ya gia, wakacheka, nikacheka nao. Kisha Papy akawasha, na injini ikanguruma.

Karima, niliinama kuisikiliza. Ni yenyewe. Umeikamata hadi pale inapokohoa kidogo kabla ya kukubali gia ya tatu. Kiti, dari, kile kibao cha saa chenye rangi ya chai. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini mtoto wangu mwenye akili anachora vitu vya kuchezea. Sasa sijiulizi tena. Niliwaambia vijana, huyo aliyefanya hivi ni damu yangu, na mmoja akaja kunishika mkono.

Sasa hasira. Barabara yenu haikumalizwa. Upande wa kulia mmeweka kila kitu, ukuta wa mawe, miti, hadi nyasi. Upande wa kushoto hakuna kitu. Barabara inaisha tu, mtu anatumbukia korongoni bila onyo. Hata nguzo moja nyeupe ya kumwonyesha dereva ukingo hakuna. Nilitumbukia, Papy akaanzisha upya, nikatumbukia tena palepale. Vijana walikuwa wakisema, "Angalia kushoto, papa, kushoto," lakini kushoto kwenyewe hamkuchora. Na kosa hili ni lako mwenyewe, kioo cha pembeni cha kushoto umekisahau. Ulisema kilikuchukua siku nyingi. Kiko wapi?

Waambie wakubwa wako wamalize kazi kabla ya kuuza. Ulitaka makosa, nimekupa.

Lakini mlio, mwanangu, ni wenyewe.

Papa yako,
Nasoro

*

Bruxelles, 17 Novemba 2024

Papa yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Leo salamu zangu ni fupi kwa sababu moyo wangu umejaa. Niko mzima, usiogope.

Nilipoisoma barua yako nilifungua mchezo. Nilichukua gari ileile, barabara ileile, mchana, bila mvua. Nilikwenda polepole kama mtu anayetafuta sarafu. Nguzo nyeupe ziko, Papa. Ziko upande wa kushoto tangu mwanzo wa mlima hadi mwisho wake. Kioo cha kushoto kiko. Nilimwita na Adolphe aje atazame, kwa sababu niliomba Mungu macho yangu ndiyo yawe mabaya. Akaviona vyote.

Katika mchezo hakuna usukani uliohamishwa. Hakuna pembe chafu ya kioo. Hakuna mtu asiyejua kuegesha. Uliiendesha gari ya kiwanda kwenye barabara kavu, na upande wa kushoto hukuuona.

Mlinifundisha kwamba mtoto hamwambii baba yake aweke ufunguo chini. Kwa hiyo ufunguo siutaji. Naomba jicho. Kuna ugonjwa wa macho usiouma na usiotoa damu, unakula pembeni taratibu, na mwenyewe hajui kwa sababu katikati bado anasoma mabango yote ya njiani, hadi ya makanisa. Ulichopoteza hakirudi, lakini kilichobaki kinalindwa kwa dawa. Nenda Lubumbashi kwa daktari wa macho. Khadija akuendeshe.

Naogopa, Papa. Naogopa kwa ajili yako, na naogopa kwa ajili ya mtu nisiyemjua anayetembea kando ya barabara upande wa kushoto. Usiponijibu nitajua umekasirika, na nitaendelea kukuandikia.

Binti yako,
Karima

*

Likasi, 12 Januari 2025

Binti yangu Karima,

Assalamu alaikum. Mvua inanyesha tangu jana, goti la mama yako limetangaza mapema. Wote wazima. Marceline alisafiri kabla ya Noeli bila barua yangu. Alipita kuichukua, nikajificha chumbani, mama yako akamwambia nimelala. Ndivyo nilivyokuwa.

Kwanza nikupe ya daktari usome bila wasiwasi. Ni ugonjwa ule ule ulioutaja. Presha ya ndani ya jicho, anaiita hivyo. Jicho la kushoto limeliwa sana, la kulia limeanza kidogo tu. Amenipa dawa ya matone asubuhi na jioni, na mama yako ananisimamia kama mlinzi wa gereza. Anasema nikiitumia nitaendelea kusoma barua zako kwa muda mrefu.

Lakini si daktari aliyeninyang'anya ufunguo, nataka ujue ilivyokuwa. Barua yako ilinikasirisha, na niliendelea kubeba watu. Ila neno moja lilikuwa linanisumbua. Asubuhi moja nikaenda kwa Papy kabla vijana hawajafika, nikamwuliza kama nguzo ziko. Alikuwa anafagia, akaacha kufagia. Akaniambia, "Papa Nasoro, minye sitaki kukukosea heshima. Ile poteaux iko. Na rétro, ile kioo ya pembeni, iko. Ile siku shiye wote tuliona, tukaogopa kusema."

Nikakubali kwenda kwa daktari, ufunguo sikukubali. Nilimwambia Khadija aendeshe siku hiyo moja tu, eti mimi nataka kusikiliza injini nikiwa pembeni. Nilikaa kulia. Sijawahi kukaa pale tangu Dodo ahamishe usukani. Anaendesha vizuri, mdogo wako, afadhali niseme. Hakimbii, na hashindani na malori.

Tulipokaribia njia ya Kapolowe akakanyaga breki, akasimama kando. Nikamwuliza kuna nini. Akasema kuna mtu amejitupa majanini upande wa kushoto na baiskeli yake. Mimi sikuona mtu. Nilitazama mbele, nikaona barabara tu. Tukashuka. Alikuwa muuza makaa, magunia mawili yamemwagika, yeye mwenyewe anajipangusa. Khadija akamwomba msamaha, akamwuliza kama tumemgusa. Yule mtu akacheka. Akasema, "Hapana, mama, hamukunigusa. Shiye bantu ya makala tunaijuaka hii motokari. Kama tunaiona inakuya, tunaingiaka mu majani. Ni leo tu nimechelewa."

Nilimwuliza tangu lini. Akasema kitambo, akaanza kuokota makala yake. Hakuwa na kinyongo. Aliongea kama mtu anayekueleza mahali penye shimo. Hakujua kwamba dereva wa hiyo motokari ni mimi, alinidhania abiria.

Niliona haya, Karima, haya ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu. Nilipiga magoti tukaokota naye, hadi mikono ikawa myeusi. Tuliporudi garini nilimwambia Khadija ufunguo ubaki kwake. Aliwasha gari tukaendelea na safari.

Jioni tulirudi kutoka Lubumbashi nikiwa na matone machoni. Tulipofika pale pale, Khadija akapunguza mwendo. Akaniambia taratibu kwamba wako mbele yetu, kundi zima, wanasukuma baiskeli zao kurudi kijijini, na wameiona gari. Wote walikuwa wakiingia majanini, mmoja mmoja, na mizigo yao.

Nikamwambia asimame. Nikafungua mlango wa abiria, ili wajue mzee wa gari hii hashiki tena usukani, nikashuka, nikasimama kando ya gari mpaka wote wakaniona.

Papa yako,
Nasoro